Wanyonge Mezani: Uhakiki wa "Gemeinsames Leben" ya Dietrich Bonhoeffer

Kitabu kidogo cha Dietrich Bonhoeffer kiitwacho Gemeinsames Leben, ambacho kwa lugha yetu tungeweza kukiita Maisha ya Pamoja, kilitoka mwaka 1939. Tangu hapo kimekuwa kikisomwa katika vyuo vya theolojia vya nchi nyingi, na kwa kawaida husomwa kama kitabu cha ibada: namna ya kuomba Zaburi, namna ya kuimba, namna ya kuianza siku na kuimaliza. Usomaji huo si wa makosa, maana sehemu kubwa ya kitabu yahusu mambo hayo. Hata hivyo, kwa maoni yetu sura yenye uzito kuliko zote ni ya nne, ile ya huduma, ambayo wanafunzi wengi huifikia wakiwa wamekwisha kuchoka. Humo Bonhoeffer anatamka jambo zito: jumuiya inayowaweka kando wanyonge na watu wanaodhaniwa kuwa hawana faida yaweza kuwa imemweka kando Kristo mwenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kukihakiki kitabu hicho kwa kukiuliza swali moja. Semina na makongamano ya kanisa siku hizi huhitimishwa kwa maazimio, na mara nyingi kila mshiriki huombwa aahidi, yeye binafsi, kwamba ataishi pasipo kumtenga mtu, awe na ulemavu, awe mgonjwa wa akili, awe wa kabila jingine. Je, Bonhoeffer anamsaidia mtu aliyetoa ahadi kama hiyo, au anamvunja moyo? Tunaona kwamba anafanya yote mawili, na kwamba pale anapomvunja moyo ndipo anapomsaidia zaidi. Lakini pia kuna mahali ambapo kitabu chenyewe kinapungukiwa, na upungufu huo ni wetu sisi wachungaji kuliko ulivyo wa mwandishi.

Hatuna budi kukumbuka kwanza mazingira yake. Mwaka 1935 Kanisa la Ukiri, yaani Wakristo wa Kiinjili wa Ujerumani waliokataa kanisa kutawaliwa na itikadi ya Hitler, lilimkabidhi Bonhoeffer seminari ndogo ya watarajali wa uchungaji. Seminari ilianzia Zingst, pwani ya Bahari ya Baltiki, kisha ikahamia Finkenwalde, karibu na mji wa Stettin ambao leo ni Szczecin nchini Poland. Mwaka 1937 polisi wa siri waliifunga. Mwaka uliofuata Bonhoeffer alikaa Göttingen na kukiandika kitabu kwa majuma machache. Nyumba aliyoandikia ilikuwa ya pacha wake Sabine, ambaye alikuwa ametoka tu kuikimbia nchi pamoja na mumewe Gerhard Leibholz, kwa sababu mume huyo alikuwa wa uzao wa Kiyahudi. Basi kitabu juu ya kukaa pamoja kiliandikwa katika nyumba ya watu waliofukuzwa. Mwandishi halitaji jambo hilo hata mara moja, lakini msomaji anayelijua hawezi kuisoma sura ya nne kama mashauri ya adabu njema tu.

Sura ya kwanza yaanza kwa kubomoa. Bonhoeffer anawaonya wale wanaokuja katika jumuiya na ndoto yao ya jumuiya. Mwenye ndoto, asema, huwadai wenzake waifikie. Wasipoifikia huwalaumu, kisha humlaumu Mungu, na mwisho hujilaumu mwenyewe. Anayeipenda ndoto kuliko ndugu waliopo huivunja jumuiya hata kama nia yake ni safi. Hapa ndipo mtu wa azimio anapovunjika moyo. Maana azimio la kutomtenga mtu mara nyingi ni ndoto ya namna hiyo hiyo: ninajiona nikimkaribisha maskini, ninajiona mpole, na huyo maskini anatakiwa awepo ili picha yangu ikamilike. Siku atakapokuja akiwa na ulevi wake au ubishi wake, au akikataa kukaribishwa, nitasema kwamba nilijitahidi lakini hawa watu hawasaidiki. Wachungaji wenye uzoefu wa usharika wanalijua neno hilo, maana wamelisikia vikaoni kutoka kwa wazee wa kanisa walio waaminifu kabisa.

Badala ya ndoto Bonhoeffer anaweka kazi ndogo ndogo, na ya kwanza ni ya ulimi. Huko Finkenwalde kulikuwa na kanuni moja rahisi: mtu asimseme ndugu asiyekuwapo, na ikitokea amemsema, basi akamwambie mwenyewe. Wanafunzi wake walikiri kwamba walijifunza mengi kwa kushindwa kuitunza kanuni hiyo na kuanza tena. Kwetu sisi kanuni hii ina mahali pa kutumika ambapo mwandishi hakupafikiria, napo ni mimbarani.

Tuangalie lugha yetu. Majina mengi ya watu wenye upungufu wa mwili yamo katika ngeli ya ki-vi, ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibogoyo. Tusitie chumvi, kwa sababu kijana na kiongozi nao wamo humo humo, na hakuna askofu aliyelalamika kuitwa kiongozi. Aidha, sarufi sanifu hukataa kumgeuza mtu kuwa kitu: twasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Hata hivyo mpangilio huo wa maneno una jambo la kutuambia, na Watanzania wenye ulemavu wamelisema kwa miaka mingi. Sheria iliyopitishwa nchini mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mtu ametangulia, ulemavu umefuata. Kanisa limelipokea badiliko hilo katika hati zake kwa wepesi kuliko katika mahubiri yake. Lakini pia tusidhani kwamba yatosha kuwa na orodha ya maneno mema. Chama cha Viziwi Tanzania kimelishika neno viziwi katika jina lake, na wako viziwi wengi wanaojiona kuwa ni jamii yenye lugha yake, si wagonjwa wa masikio. Neno ambalo mmoja analikataa mwingine analichagua. Hakuna njia ya mkato hapa isipokuwa kumwuliza mwenyewe anavyopenda kuitwa, na kuuliza ni tendo la unyenyekevu ambalo kanuni ya Finkenwalde inalidai: usimseme asiyekuwapo.

Mhubiri huwasema wasiokuwapo kila Jumapili. Anazungumzia upofu wa rohoni, masikio yaliyozibwa na dhambi, usharika uliopooza, imani inayochechemea. Anasema hivyo kana kwamba katika mabenchi hakuna asiyeona wala mwenye magongo. Na kama hayupo, tungejiuliza kwa nini hayupo. Tutajibiwa kwamba Bwana Yesu mwenyewe alitumia mfano wa upofu katika Yohana sura ya 9. Ni kweli. Lakini katika sura hiyo neno la upofu mwishoni halimwangukii mtu aliyezaliwa haoni. Lawaangukia walimu wa dini wanaojisifu kuwa wanaona. Naye mtu yule amekwisha kusema kwa kinywa chake mwenyewe, tena kwa ukali na ucheshi, mbele ya baraza lililomtoa nje. Mhubiri anayetaka kuutumia mfano huo na autumie kwa utaratibu huo.

Huduma ya pili tunayotaka kuikazia ni kusikiliza. Bonhoeffer asema kwamba upendo kwa Mungu huanza kwa kulisikia Neno lake, na upendo kwa ndugu huanza kwa kumsikiliza. Na mtu aliyeacha kumsikiliza ndugu hatakawia kuacha kumsikiliza Mungu. Wachungaji, asema, hudhani kazi yao ni kutoa neno kila wanapokutana na mtu, na husahau kwamba kusikiliza ni huduma kubwa kuliko kusema. Maneno haya ni mema, na yangefaa yabandikwe katika kila ofisi ya mchungaji. Lakini hapa pia tunaukuta upungufu wa kwanza wa kitabu. Kitabu kizima kimejengwa juu ya sikio. Neno husomwa kwa sauti, wimbo huimbwa kwa sauti moja, sala hutamkwa. Kiziwi akae wapi katika siku ya namna hiyo?

Swali hili si la Bonhoeffer peke yake, ni la Walutheri wote. Tumefundishwa na Mtume kwamba imani huja kwa kusikia, Warumi 10:17, na tumejenga makanisa yetu kama vyumba vya kusikilizia. Wako waliofikia hatua ya kusema kwamba kiziwi hawezi kufundishwa kipaimara. Tunaamini kwamba ungamo letu lenyewe linatupa jibu bora. Utetezi wa Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 13, unamfuata Agostino na kuiita sakramenti neno linaloonekana: kinachoingia machoni na kinachoingia masikioni vyaelekea moyoni kwa kazi moja. Kama hivyo ndivyo, basi ishara za mikono za mkalimani zinaweza kulibeba Neno kwa ukamilifu ule ule wa sauti ya mhubiri, na usharika wenye mkalimani wa lugha ya alama haujafanya hisani. Umeihubiri Injili kwa lugha mojawapo ya washarika, sawasawa na tunavyohubiri Kisambaa au Kihaya.

Huduma ya tatu, ya kusaidia kwa vitendo, Bonhoeffer anaieleza kwa kifupi, nasi tutaipita upesi. Kiini chake ni kukubali kukatizwa. Mtu mwenye ratiba iliyojaa mambo matakatifu hupita kando ya aliyelala njiani, kama yule kuhani aliyeshuka kutoka Yerusalemu.

Kisha yaja huduma ya kuchukuliana, na hapa inafaa kusimama kidogo. Kutokana na Wagalatia 6:2 Bonhoeffer afundisha kwamba ndugu ni mzigo kwa Mkristo, na kwamba ni kwa kuwa mzigo ndipo anapokuwa ndugu kweli wala si chombo cha kutumiwa. Msomaji mwenye ulemavu aweza kuchukizwa na neno hilo. Ameitwa mzigo tangu utotoni. Lakini aendelee kusoma. Mzigo wa kwanza anaoutaja mwandishi si udhaifu wa ndugu, bali ni uhuru wake: kwamba yeye ni mtu mwingine, mwenye tabia na matakwa ambayo sikumpangia mimi. Huo ndio mzigo tunaoukimbia. Twaweza kumsukuma mtu katika kiti cha magurudumu mwaka mzima kwa furaha; anapotuambia kwamba tumempeleka asikotaka kwenda, hapo ndipo tunapoelemewa.

Je, Bonhoeffer aliyajua haya kwa kuona? Kwa sehemu, ndiyo. Agosti 1933 alikaa Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, akishiriki kuandika ungamo lililoitwa kwa jina la mahali hapo. Bethel ilikuwa makao makubwa ya watu wenye kifafa na wenye ulemavu wa akili, iliyoanza mwaka 1867 na kukuzwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, kisha na mwanawe aliyekuwa na jina hilo hilo. Bonhoeffer aliwaona wagonjwa kanisani, akamwandikia bibi yake kwamba watu hawa, wasioweza kujikinga, huenda wanaielewa hali halisi ya mwanadamu kuliko wenye afya, na kwamba ni wazimu kufikiri kuwa sheria yaweza kuwaondoa wagonjwa duniani. Alipoandika hayo, sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa nguvu ilikuwa imetangazwa mwezi mmoja kabla. Miaka sita baadaye Hitler alitia sahihi idhini ya kuwaua, nayo ilirudishwa nyuma kwa tarehe hadi 1 Septemba 1939. Hadi Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 waliokuwa katika mahospitali na makao ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kuuawa kwa gesi. Kitabu chetu kilikuwa madukani kabla ya hapo, na ndani yake kuna onyo kwamba kuwaondoa wanyonge ni kifo cha jumuiya.

Jina la Bethel si geni kwetu. Chama cha misheni kilichofanya kazi Usambara tangu mwaka 1891 kilihamishia makao yake huko mwaka 1906, na baadaye kikaja Bukoba. Lutindi, mahali palipoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, pakawa mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali ya wagonjwa wa akili. Irente, karibu na Lushoto, kuna shule ya watoto wasioona iliyo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Tuna urithi mwema kutoka Bethel, nao haufai kudharauliwa.

Lakini urithi huo una upande mwingine, na mhakiki asiyeusema atakuwa anasifu tu. Bodelschwingh mwana alikataa kujaza fomu za kuwachagua wa kuuawa, na rafiki yake, Mchungaji Paul Gerhard Braune wa Lobetal, aliandika waraka wa kupinga mwaka 1940 akatiwa mbaroni mwaka huo huo. Hata hivyo katika Bethel hiyo hiyo madaktari wa Kikristo waliwafunga kizazi mamia ya wagonjwa tangu mwaka 1934, wakiamini kwamba wanatii serikali na kulisaidia taifa. Na mwaka 1940 wagonjwa wa Kiyahudi walichukuliwa kutoka huko. Tukirudi nyuma zaidi tunamkuta Luther mwenyewe, katika mazungumzo ya mezani yaliyoandikwa na wageni wake, akishauri kwamba mtoto mmoja wa Dessau aliyekuwa na ulemavu mkubwa atoswe mtoni, kwa kudhani kwamba ni mwili usio na roho. Wanatheolojia wengine hulipita jambo hili kwa kusema kwamba ni mazungumzo tu. Sisi tunaona kwamba mezani ndipo mtu anapojulikana.

Meza ndiyo inayotuonyesha upungufu mkubwa wa Gemeinsames Leben. Waliokaa kuizunguka meza ya Finkenwalde walikuwa vijana wa kiume, wasomi, wenye afya. Kitabu chasema "ndugu" nacho chamaanisha hivyo hasa. Akina dada hawamo, jambo ambalo wasomaji wa KKKT, ambamo wanawake wanahudumu madhabahuni, hawawezi kulipita kimya. Wanyonge nao wanazungumziwa kwa heshima kuu, lakini wanazungumziwa. Hawakuwapo. Kwa kipimo cha kanuni yake mwenyewe, Bonhoeffer amewasema ndugu wasiokuwapo, ijapokuwa amewasema kwa wema. Ni kweli anataka kila mtu katika jumuiya apewe kazi maalumu, ili hata aliye dhaifu ajue kwamba si wa bure. Tunalipenda shauri hilo. Lakini ni nani anayezigawa kazi hizo? Katika kitabu chote mwenye nguvu ndiye mwenyeji, naye mnyonge ni mgeni anayepangiwa kiti.

Maandiko yanakwenda mbali kuliko hapo, ingawa si kwa mstari ulionyooka. Daudi, ambaye jina lake linahusishwa na neno la chuki juu ya vipofu na viwete katika 2 Samweli 5, ndiye yule yule anayemketisha Mefiboshethi mezani pake katika sura ya 9. Walawi 21 yamzuia kuhani mwenye kilema asiikaribie madhabahu, lakini yampa haki ya kula mkate mtakatifu pamoja na ndugu zake. Kwa hiyo alikuwa mtu wa meza hata pale alipokatazwa kuhudumu. Sisi tunaoamini kwamba sheria hiyo imetimizwa katika Kristo, tunaulizaje afya ya mwombaji anapotaka kuingia chuo cha theolojia? Tunajenga ngazi ngapi mbele ya madhabahu, na kwa ajili ya nani? Kwa maoni yetu mtu asiyeona akiwa mchungaji, si mshiriki tu, ndipo kitabu cha Bonhoeffer kitakapoanza kusomwa kwa njia iliyo sawa.

Tena liko jambo ambalo mazingira ya Ujerumani hayakumwezesha kuliona. Yeye anapigana na wazo kwamba watu fulani hawana faida. Nchini mwetu, hasa kuanzia mwaka 2006, watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa sababu iliyo kinyume: viungo vyao vilidhaniwa kuleta utajiri, na mitaani walipigiwa kelele kwa neno la biashara, dili. Wale wa Ujerumani waliondolewa kwa kuwa hesabu iliwaonyesha kuwa hasara, hawa kwa kuwa hesabu iliwaonyesha kuwa faida. Hivyo haitoshi kuwatetea wanyonge kwa kuonyesha kwamba nao wana manufaa, kama mahubiri yetu yanavyopenda kufanya kwa nia njema. Penye hesabu ya manufaa hakuna aliye salama. Katika hili Bonhoeffer anafaa tena, maana msingi wake hauko katika manufaa: ndugu amekubaliwa katika Kristo kabla sijaulizwa maoni yangu.

Sura ya mwisho ya kitabu yahusu ungamo na Meza ya Bwana. Bonhoeffer anataka Mkristo aungame dhambi zake mbele ya ndugu mmoja, kwa siri, asikie ondoleo kwa sauti ya mwanadamu. Sura hiyo ni nzuri sana, nayo yaleta tatizo la kivitendo ambalo hatujaliona likijadiliwa vya kutosha katika masomo ya uchungaji. Kiziwi anayetaka kuungama kwa mchungaji asiyejua lugha ya alama huhitaji mtu wa tatu, na mara nyingi mtu huyo ni mama yake, au mtoto wake, au jirani. Siri ya ungamo imekwisha kabla ya ungamo kuanza. Mkalimani aliyefundishwa na kuapishwa ni bora kuliko jirani, lakini bado ni mtu wa tatu. Kwa hiyo, kama kuna anayetuuliza azimio la kweli la mtarajali wa uchungaji lianzie wapi, tungemwelekeza kwenye ratiba ya masomo: Kigiriki kina saa zake, Kiebrania kina saa zake, nayo Lugha ya Alama ya Tanzania itafutiwe zake, hata kama ni saa mbili kwa juma katika mwaka wa kwanza, naye mwalimu awe kiziwi.